Majibu ya Vipimo vya Mimba Yasipotoa Jibu Kamili

Karatasi ya majibu ya kipimo cha mtoto aliye tumboni, uliyoikunja ndani ya kitabu cha mama na mtoto, kisha ukaisoma tena ukiwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani, huenda imeandikwa "hatari kubwa", na chini yake 1 kwa 150. Anza na hesabu hiyo. Maana yake ni kwamba katika wajawazito 150 wenye majibu kama yako, mmoja ndiye anayetarajiwa kuwa na mtoto mwenye hali iliyotafutwa, kama vile Down syndrome, na 149 hawatakuwa naye.

Kabla ya jambo jingine lolote, mwombe daktari alinganishe tarehe ya hedhi yako ya mwisho na picha ya kwanza ya altrasaundi, kwa sababu hesabu ya hatari hutegemea umri wa mimba, na wiki mbili zikikosewa hesabu yote huyumba. Ni jambo dogo, na kwa maoni yangu ndilo linalosahaulika zaidi.

Kisha uliza iwapo kipimo hicho ni cha kuchuja, yaani kinachokadiria uwezekano tu, au cha kuthibitisha, yaani kinachotoa jibu la hakika. Hata kipimo cha DNA (vinasaba) katika damu ya mama, kinachofanywa kuanzia wiki ya 10, ni cha kuchuja, kwani DNA inayohesabiwa kuwa ya mtoto hutoka kwenye kondo la nyuma. Ikiwa kidogo mno, majibu hurudi bila jibu. Kimojawapo cha vinavyothibitisha ni kuvuta maji ya uzazi kwa sindano, kwa kawaida kuanzia wiki ya 15, na sindano hiyo ina hatari ndogo ya kuharibu mimba. Ikiwa damu yako ni Rhesus hasi, mkumbushe daktari mapema kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto.

Hapa Nairobi, uliza pia gharama yote, bima italipa kiasi gani, na kama sampuli itapelekwa nje ya nchi, maana hilo huongeza siku za kungoja.

Zungumzeni na mwenzako: jibu la hakika litabadilisha nini? Wako wanaotaka kujua ili wajifungulie penye wataalamu wa watoto wachanga, na wako wasiotaka sindano kabisa. Wote wana haki yao. Kwa mama mkwe na majirani, "daktari ameomba kipimo kingine" inatosha.

Usingizi ukikutoroka usiku baada ya usiku, mwambie muuguzi wa kliniki waziwazi. Siku ya majibu nenda na mtu wa kushika kalamu, kwa kuwa wewe utasikia sentensi ya kwanza tu.