DNA ya nyumbani: usiharibu sampuli

Ukiagiza kipimo cha DNA (vinasaba) cha kujua baba wa mtoto, kile cha kujichukulia sampuli mwenyewe, uangalifu wote uwe kwenye vijiti vya pamba. Mtoto asile wala kunyonya kwa saa moja hivi kabla. Sugua ndani ya shavu, si ulimi, kama nusu dakika, na pamba usiiguse. Iache ikauke, itie kwenye bahasha ya karatasi. Nailoni inatunza unyevu na bakteria wanaharibu DNA. Andika majina mapema, maana kijiti cha baba na cha mtoto havina tofauti kwa macho! Kama kuna kesi, usipoteze hela kwa kipimo hiki cha nyumbani: mahakama itauliza nani alishuhudia mate ni ya nani. Tanzania, pitia wakili au ustawi wa jamii mpaka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.