Kamera za mtego msituni: usifunge pale unapopapenda

Kila kiangazi, vijana wanaokuja kujifunza kazi hii katika misitu ya milima ya Udzungwa, Tanzania, huuliza swali lilelile: wanyama wako wapi, tukafunge kamera huko? Nawaelewa. Ukimkabidhi mtu kamera ya mtego, ile inayopiga picha yenyewe mnyama anapopita mbele yake, moyo wake unamtuma kwenye njia ya tembo, kwenye dimbwi, au chini ya mkuyu ulioangusha matunda. Picha atapata, tena nyingi. Takwimu ndiyo hatapata. Mwaka ujao mkuyu ule hautazaa wakati uleule na dimbwi huenda likakauka, basi picha za funo, swala mdogo wa msituni, zikipungua hutajua kama funo wenyewe wamepungua au ni matunda tu yaliyokosekana.

Kwa hiyo anzia mezani, kwenye ramani. Gawa msitu wote katika miraba iliyo sawa na uweke alama moja katikati ya kila mraba. Katika msitu wa Mwanihana, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ufuatiliaji ulioanza 2009 umepangwa hivyo: vituo 60, kamera moja kwa kila kilomita 2 za mraba, siku 30 kwa kila kituo, wakati wa kiangazi. Msitu wa kijiji hauhitaji vituo vyote hivyo, lakini unahitaji nidhamu hiyohiyo. Ukifika kwenye alama kwa GPS, tafuta mti unaofaa na njia ya wanyama iliyo karibu, ndani ya umbali mliokubaliana wote kabla ya kuondoka. Iwe mita 50 au 100, andikeni na kila timu ifuate.

Alama nyingine itaangukia kwenye korongo au kichaka cha miiba. Nenda hukohuko. Sehemu ngumu kufikika ndizo ambazo hakuna aliyeziangalia. Ndundulu ni msitu wa mbali katika milima hii ya Udzungwa, na 2005 kamera zilizofungwa huko zilileta picha za sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye wataalamu hawakuweza kumtambua: uso wa kijivu, matako meusi, mwili mkubwa kuliko sange wote waliokuwa wakijulikana. Watafiti walirudi 2006 wakamkamata, na 2008 akapewa jina la kisayansi Rhynchocyon udzungwensis. Minde naye, swala wa msituni asiyepatikana nje ya Tanzania na aliye hatarini kutoweka, alipigwa picha porini kwa mara ya kwanza 2003, na ni kamera ya mtego katika milima hiihii iliyompiga.

Vibali sitavisemea sana. COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) kwa utafiti, mamlaka inayosimamia hifadhi husika, na kama msitu ni wa kijiji, serikali ya kijiji pamoja na kamati yake ya maliasili. Vipate kwa maandishi, na nakala uwe nazo kwenye begi.

Sasa mti. Chagua usioyumba, maana mti mwembamba ukisukumwa na upepo kamera itajaza kadi kwa picha za majani. Ifunge usawa wa goti, mita 2 au 3 kutoka kwenye njia. Wengi huifunga kifuani kwa sababu ndipo mikono inapofika bila kuinama, na hapo sange na panya buku wanapita chini yake bila kuonekana. Ielekeze kaskazini au kusini, jua la asubuhi na la jioni lisiipige usoni. Kwenye mteremko, na Udzungwa ni miteremko mitupu, inamishe ifuate mlalo wa ardhi. Tumia kijiti nyuma yake kuiinua au kuishusha, kisha kaza mkanda. Kihisi chake kinashtuka kitu kinapopita kikiwa na joto tofauti na mazingira, kwa hiyo jani lililochomwa na jua likicheza mbele yake linatosha kuiamsha. Kata nyasi na matawi yaliyo mbele ya lenzi tu. Usifyeke uwanja, kwa sababu wanyama wanaona mabadiliko na utakuwa umebadilisha kile ulichokuja kupima.

Halafu piga magoti utambae mbele ya kamera kama anavyopita funo, kutoka kushoto na kutoka kulia, huku mwenzako akitazama kama taa ya majaribio inawaka. Usiruke hatua hii hata kama mvua inakaribia. Weka betri mpya zote kwa pamoja, za aina moja, na kifuko cha kunyonya unyevu ndani ya kasha. Kagua mpira wa mlango, maana sisimizi hupenya hata pale usipodhani pana nafasi. Tembo akiamua kuing'oa ataing'oa. Hilo liwekee bajeti.

Kuhusu saa niwe mkali kidogo, kwa sababu hapa ndipo data za kwetu zinapoharibika. Kamera inahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Mtu akifunga kamera saa mbili usiku akaandika 2:00 kwenye fomu, anayeisoma ofisini Dar es Salaam ataelewa saa nane usiku. Minde hutembea zaidi usiku na funo mchana, na tofauti hiyo ikivurugika, nusu ya unachoweza kusema kuhusu wanyama hawa imepotea. Kila fomu iandikwe kwa saa za kamera, 20:00, bila ubaguzi. Kabla ya kuondoka shika kibao mbele ya lenzi chenye namba ya kituo, tarehe na saa. Fanya hivyo tena siku ya kuitoa: picha hiyo ya mwisho ndiyo ushahidi kwamba kamera ilikuwa hai hadi siku hiyo.

Mtapiga picha za watu pia. Mama mwenye mzigo wa kuni, kijana mwenye mbwa na panga. Katika hifadhi ya Udzungwa ukusanyaji wa kuni kavu ulisimamishwa 2011, na suala la kuni bado ni zito kwa kaya za pembezoni. Msimamo wangu ni huu: kamera ya utafiti isiwe polisi wa siri. Kubalianeni na kijiji na mamlaka ya hifadhi kabla ya kufunga kamera hata moja: picha za watu zitaonwa na nani, zitafutwa lini, na itakuwaje mkikuta mtego wa waya. Hesabu matukio ya binadamu kwa kila kituo, maana ni takwimu muhimu, lakini nyuso zisitoke nje ya timu. Watu wakijua kuna makubaliano na yanaheshimiwa, hata kamera zako zitabaki salama kwenye miti.

Kwenye kuhesabu, picha 40 za funo mmoja anayekula mbele ya lenzi si funo 40. Weka kanuni: picha za spishi moja kwenye kituo kimoja ndani ya saa moja ni tukio moja. Kisha gawanya kwa siku ambazo kamera zilifanya kazi kweli. Kamera 20 kwa siku 30 ni siku 600 za kamera. Matukio 90 ya funo yanakupa 15 kwa kila siku 100. Kamera iliyokufa siku ya 12 ihesabiwe siku 12 tu. Namba hiyo haikuambii msitu una funo wangapi. Inakuambia kama wanaonekana zaidi au kidogo kuliko mwaka jana, na hilo linatosha kumshtua meneja wa hifadhi mapema. Chui ni tofauti, kwa sababu madoa yake hayafanani na ya mwenzake. Ukitaka kuwahesabu, funga kamera mbili zinazotazamana ili upate ubavu wa kushoto na wa kulia. Na kituo kisichotoa picha ya minde hakijathibitisha kwamba minde hayupo, hasa kwa mnyama msiri kiasi hicho.

Unaposhirikisha data, ficha mahali halisi pa spishi zinazowindwa. Mwindaji naye anajua kutumia GPS. Toa jina la msitu, si namba za GPS za kituo.

Mkimaliza, toa betri zote kabla ya kuweka kamera stoo, nakili kadi mara mbili kwenye diski zinazokaa nyumba tofauti, na uwarudishie wanakijiji picha za wanyama kwenye mkutano mkuu kabla ripoti haijaenda mjini. Mwakani rudini kwenye miti ileile, mwezi uleule, na kamera za aina ileile. Mti ukiwa umeanguka, chukueni ulio karibu zaidi na alama na mwandike umbali kutoka ule wa zamani.