Kufundisha IPC (kukinga na kudhibiti maambukizi) wodini hatua kwa hatua, na hesabu ya klorini mpaka ieleweke

Kuna dada nilisoma naye uuguzi, juzi kapewa jukumu la IPC kwenye kituo cha afya huku Kanda ya Ziwa, akanipigia anauliza aanzie wapi kufundisha wenzake. Tukaongea mpaka chaji ikaisha, nikaona bora niandike yote hapa, maana wanaopewa hiki cheo bila maelekezo ni wengi.

Hatua ya 1: Zunguka kwanza

Kabla hujamfundisha mtu yeyote, pita wodini, leba, dresing na chumba cha sindano. Angalia masinki yana maji, sabuni ipo, sefti boksi (boksi la kutupia sindano zilizotumika) imejaa kiasi gani, ndoo ya jiki (klorini ya maji) ina lebo au haina. Andika. Usimgombeze mtu siku hiyo, we angalia tu.

Hatua ya 2: Fundishia wodini

Mimi siamini mafunzo ya ukumbini yenye slaidi mia na soda. Nesi anarudi wodini anakuta ndoo ileile na sinki lilelile halina maji, anaendelea kama jana. Chukua nusu saa baada ya ripoti ya asubuhi, somo moja kwa siku, na utumie vifaa vya wodi hiyohiyo. Waite na wahudumu wa usafi, tena wao ndo wa kwanza, kwa sababu mara nyingi anayechanganya klorini ni wao na hakuna aliyewahi kukaa nao chini.

Hatua ya 3: Mikono

Nyakati tano za WHO mnazijua (kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuweka kanula, baada ya kugusana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka). Sabuni na maji sekunde 40 mpaka 60, kitakasa mikono cha spiriti sekunde 20 mpaka 30.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya rangi: mvalishe nesi glovu, mtilie rangi ya maji kidogo kiganjani, afumbe macho ajipake kama anatumia kitakasa mpaka mwenyewe aone ametosheka, halafu afumbue. Utakuta gumba halijaguswa, ncha za vidole nyeupe pee. Hapo huna haja ya kuongea sana. Na kama mikono haina uchafu wa kuonekana mimi napendelea kitakasa kuliko sinki, kinakaa pale kitandani na hakisubiri maji yarudi.

Hatua ya 4: Klorini (hapa tulieni)

Hii ndo inakula muda wa kila mtu. Ukiwauliza manesi watano jinsi ya kupata klorini ya 0.5% unapata majibu matano, na kila mmoja ana uhakika, kwa sababu kila mmoja alifundishwa kwa chupa tofauti. Kosa ni kukariri kipimo badala ya hesabu. Kwa hiyo kabla ya yote soma lebo ya ulichonacho mkononi leo.

*Ya maji.* Chukua nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, gawanya kwa nguvu unayoitaka, toa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu 1 ya jiki. Chupa ya 3.5%: 3.5 ÷ 0.5 = 7, toa 1 inabaki 6. Yaani kikombe 1 cha jiki, vikombe 6 vya maji, kikombe kilekile. Chupa ikiwa ya 5% ni vikombe 9 vya maji. Ukileta kipimo cha 6 kwenye chupa ya 5% unapata dawa kali inayochubua watu, na ukipeleka cha 9 kwenye chupa ya 3.5% unapata dawa dhaifu huku kila mtu akiamini yuko salama, na hiyo dhaifu ndo naiogopa zaidi.

Halafu wengi wanakwama kwenye ndoo ya lita 10. Wanagawanya 10 kwa 6. Hapana, jumla ya sehemu ni 7 (1 ya jiki na 6 za maji), kwa hiyo 10 ÷ 7, jiki ni kama lita 1.4 na maji lita 8.6. Ukiona hesabu inawachanganya achana na lita, kaa kwenye vikombe.

*Ya unga (HTH).* Hapa hesabu inageuka: nguvu unayoitaka gawanya kwa nguvu ya unga, zidisha kwa 1000, unapata gramu kwa lita moja. Unga wa 70%: 0.5 ÷ 70 × 1000 = gramu 7.1. Wa 65% ni gramu 7.7. Ndoo ya lita 20 kwa ule wa 70% inataka gramu 143 hivi. Sasa wodini hakuna mizani, na hapo ndo linaanza lile la "weka kijiko kimoja", kijiko gani? Cha chai, cha mezani, kilichojaa au kilichosawazishwa? Nenda na kijiko chako maabara au famasi, pima unga wa kijiko kilichosawazishwa juu, andika gramu kwa maka pen kwenye mpini, na kijiko hicho kifungwe kamba kwenye kopo la unga kisitoke. Kopo jipya likija soma lebo tena, na ukipimie upya. Unga unaingia kwenye maji, usimwagie maji juu ya unga. HTH inaacha machicha chini, iache itulie utumie maji ya juu.

*Vidonge.* Angalia kilichoandikwa ni uzito wa kidonge au wa klorini inayotoka. Kidonge cha NaDCC (klorini ya vidonge) cha gramu 1.67 kinatoa klorini gramu 1, kwa hiyo kwa 0.5% unahitaji vidonge 5 kwa lita.

Mengine ya klorini, yote nimekuta watu wanayafanya:

- Changanya kila siku, ndoo ya plastiki yenye mfuniko, weka kivulini, lebo iwe na nguvu, tarehe, saa na jina la aliyechanganya. Ikichafuka kwa damu kabla ya jioni, badilisha.
- Usichanganye na sabuni ya unga kwenye ndoo moja, na kamwe isikutane na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi inayoumiza mapafu.
- Damu ikimwagika sakafuni funika kwa kitambaa au pamba, mimina 0.5%, subiri dakika 10, futa, ndipo usafishe. Ukimimina na kufuta palepale hujafanya kitu.
- Usipulizie kwa pampu, wala juu ya mtu.
- Kuloweka vyombo vya upasuaji kwenye klorini kabla ya kuosha: wengi wetu tulifundishwa hivyo chuoni. Mwongozo wa WHO wa 2016 haupendekezi tena, kwa sababu klorini inakula chuma na damu inaipunguzia nguvu. Osha kwa sabuni na brashi ukiwa umevaa glovu nzito, miwani na aproni, ndipo upeleke kwenye otokilevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke). Hili litakuletea ubishi na wakubwa wako, nenda na mwongozo mkononi.

Hatua ya 5: Sindano

Usirudishie kifuniko. Sefti boksi ifungwe ikifika robo tatu. Akichomwa mtu aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, atoe taarifa palepale, na PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa) ianze mapema kadiri iwezekanavyo, mwisho saa 72. Uliza nani hajachanjwa homa ya ini B, uandike majina.

Hatua ya 6: Kuvua PPE (mavazi ya kujikinga)

Kuvaa wanajua. Kuvua ndo kunaambukiza. Wafanye wawili wawili, mmoja anavua, mwingine anamsomea hatua moja moja, mikono inatakaswa kati ya hatua. Homa ya virusi vya Marburg ilipotangazwa Kagera Machi 2023 kuna mhudumu wa afya alikuwa kati ya waliofariki, kwa hiyo kwetu huku mtu asikwambie haya ni mambo ya mbali.

Hatua ya 7: Fuatilia

Kaa wodini na karatasi, weka alama kila nafasi ya kutakasa mikono na kama imefanyika, kisha bandika matokeo ya wodi nzima, usiandike majina ya watu. Rudia kila mwezi.

Halafu peleka hesabu ya dawa kwa mganga mfawidhi, maana mafunzo bila klorini stoo ni bure. Wodi inayotumia ndoo mbili za lita 10 kwa siku inahitaji kama lita 86 za jiki ya 3.5% kwa mwezi, au kilo 4.3 hivi za unga wa 70%. Mimi naomba unga, ni rahisi kusafirisha na kutunza. Andika namba hizo kwenye barua ya maombi, weka na nakala kwenye faili lako.