Somo: Manga imechanganya kila kitu, utaiweka kwenye utanzu gani?

Somo hili ni la wanaotunza rafu za kuazimana manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, hapa Kisumu, pamoja na wenzetu wa Kakamega, Bungoma na Nakuru tunaojaza nao orodha moja. Kwa sasa orodha hiyo ina lebo za kubahatisha. Manga ileile imeandikwa "kutisha" Kisumu, "vichekesho" Nakuru na "shonen" Bungoma, na hiyo ya mwisho si utanzu hata kidogo.

Shikeni jambo moja kabla ya yote: utanzu hauamuliwi na vitu vinavyoonekana kwenye kurasa. Unaamuliwa na swali linalomfanya msomaji afungue sura inayofuata. Pepo, panga, roboti na sare za shule ni mapambo tu mpaka hadithi ithibitishe vingine.

Unachohitaji

Karatasi ya mistari, penseli, mtu wa pili wa kusoma peke yake, na juzuu za kutosha. Manga iliyotoka kila wiki hubeba takriban sura 9 kwa juzuu, kwa hiyo juzuu 3 za kwanza zinatosha. Iliyotoka kila mwezi ina sura ndefu, 4 au 5 tu kwa juzuu, basi chukua juzuu 5. Tofauti hii si ndogo. Death Note ina sura 108 ndani ya juzuu 12, ilhali Attack on Titan ina sura 139 ndani ya juzuu 34. Ukisoma juzuu 3 za kila moja utakuwa na sura 25 hivi upande mmoja na 13 hivi upande wa pili, kisha utashangaa kwa nini hesabu zako hazilingani.

Hatua ya 1: Toa rika kwanza

Shonen, shojo, seinen na josei hutaja msomaji aliyelengwa: wavulana, wasichana, wanaume watu wazima, wanawake watu wazima. Kinachoamua ni jarida lililochapisha, wala si damu iliyomwagika. Death Note, yenye mauaji tangu sura ya kwanza, ilitoka Weekly Shonen Jump, kwa hiyo ni shonen. Basi. Vinland Saga ilianza mwaka 2005 katika Weekly Shonen Magazine, na kabla ya mwaka huo kwisha ikahamia Afternoon, jarida la watu wazima. Rika lilibadilika, hadithi ikaendelea na Waviking walewale. Andika rika kwenye safu yake na usilirudie tena.

Hatua ya 2: Andika mandhari, uyaweke kando

Mstari mmoja unatosha: wapi, lini, viumbe gani. Gintama imewekwa Edo, yaani Tokyo ya zamani, iliyotekwa na viumbe wa anga za mbali, lakini anayeiazima akitarajia sayansi ya kubuni atairudisha kesho yake akilalamika.

Hatua ya 3: Hesabu maswali

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo msikimbie. Soma kila sura mpaka ukurasa wa mwisho, kisha uandike herufi moja tu ya swali lililobaki:

M, mapambano: nani atashinda?
K, kutisha: atapona?
F, fumbo: kuna nini kimefichwa, na nani anajua?
P, mapenzi: watapatana?
V, vichekesho: hakuna swali, sura imefungwa kwa mzaha.
S, safari: watafika?
U, ujuzi: kitapikwa vipi, kitajengwa vipi?

Herufi moja kwa sura. Ukiruhusu mbili, baada ya sura kumi utakuwa umeandika M kila mahali, maana karibu kila manga ina mtu anayempiga mwenzake mahali fulani.

Tuchukue The Promised Neverland. Sura ya kwanza inatuonyesha watoto wa makao ya Grace Field, nguo nyeupe, nyasi, mtihani wa kila siku, na mlezi wanayemwita Mama, anayewapenda. Mtoto mmoja, Conny, anachukuliwa kwenda kwa wazazi wapya na kusahau sungura wake wa kitambaa. Emma na Norman wanamfuata na sungura huyo hadi kwenye geti, na wanachokikuta ndani ya lori ni maiti yake. Halafu wanaingia majitu yanayokula watu. Wengi wetu tungeandika K papo hapo. Lakini tazama ukurasa unakotuacha: watoto wameshajua, wamerudi ndani, na Mama hapaswi kujua kwamba wanajua. Swali linakuwa nani anajua nini. Hiyo ni F. Endelea hivyo mpaka wanapotoroka katika juzuu ya 5, na utaona F zikipangana, huku majitu yenyewe yakionekana kwa nadra na mapigano yakiwa karibu hakuna. Ni fumbo lenye taharuki, na kutisha kunakuja nyuma yake.

Watu hukosea sana kati ya K na M. Uliza kama mhusika ana uwezo wa kujibu pigo. Akiwa nao, hata kama adui ana macho arobaini, hiyo ni M. Asipokuwa nao, ni K.

Sura ya kwanza isikudanganye. Kwenye majarida ya kila wiki mara nyingi ina kurasa 50 hivi, wakati sura za kawaida zina 19 au 20, na imeandikwa ili kumnasa msomaji. Ihesabu kama sura moja tu.

Hatua ya 4: Weka mipaka

Kwa sura 27: herufi yenye sura 9 kwenda juu ni utanzu. Yenye 5 hadi 8 ni kipera, inaandikwa kwenye orodha lakini haibadilishi rafu. Yenye 4 kushuka haiandikwi. Kama sura zako ni pungufu au zaidi, tumia theluthi moja kwa utanzu na sudusi kwa kipera.

Marufuku kuandika "drama". Kila hadithi yenye watu wanaolia itaingia humo. "Ya giza" pia ni hali ya hewa ya hadithi, haimwambii msomaji kitu.

Hatua ya 5: Ondoa uone kama itasimama

Herufi mbili zikipita mpaka, ondoa moja kichwani. Spy x Family: jasusi Loid anaunda familia bandia, yeye, mke, na mtoto atakayeingia shule ya Eden, ili amfikie mlengwa wake. Ukiondoa ujasusi, watu hawa watatu hawana sababu ya kukaa nyumba moja. Ukiondoa mapigano, mizaha inabaki mizima. Ukiondoa mizaha, kinachobaki ni hadithi nyingine kabisa. Basi utanzu mkuu ni vichekesho, wa pili ujasusi, na mapambano ni kipera.

Jaribio hili hasa ni la manga za chakula. Delicious in Dungeon na Golden Kamuy zote zinapika, tena kwa maelezo ya kukutoa mate. Katika ya kwanza, kundi linashuka shimoni kumwokoa Falin aliyemezwa na joka. Halina pesa wala chakula, kwa hiyo linakula majini linayoyaua. Ondoa upishi na safari inakwama juzuu ya kwanza. Kwa hiyo ni fantasia na upishi, kwa pamoja. Katika ya pili, watu wanatafuta dhahabu Hokkaido baada ya vita vya Japani na Urusi, na vyakula vya Waainu, wenyeji wa asili wa huko, vinapikwa njiani. Ondoa sufuria, msako wa dhahabu unaendelea. Upishi hapo ni kipera, hata ukikumbukwa kuliko mengine.

Hatua ya 6: Kagua kama hadithi imehama

Weekly Shonen Jump hupima manga zake kwa kura za wasomaji, na manga inayolegea huweza kugeuzwa njiani. Reborn! ya Akira Amano ilianza kama mizaha mitupu na kukaa hivyo takriban juzuu 7, kisha ikawa ya mapambano kwa sehemu kubwa ya juzuu zake 42. Mwenye juzuu 3 tu ataapa ni vichekesho. Kwa manga inayozidi juzuu 10, hesabu pia juzuu moja ya katikati na moja ya mwisho. Zikipishana na mwanzo, andika lebo mbili zenye mshale na namba ya juzuu. Mfano, Attack on Titan: kutisha na fumbo → vita na siasa, juzuu ya 23, pale hadithi inapovuka bahari. Usiandike kinachotokea huko. Orodha inasomwa na ambao bado wako juzuu ya 2.

Hatua ya 7: Linganisha

Wasomaji wawili wasionane karatasi kabla ya kumaliza. Mkipishana kwa sura 4 au chini, chukueni wastani. Mkipishana zaidi, rudieni sura mlizopishana pekee. Aghalabu mmoja atakuwa ameandika alichokipenda badala ya swali la ukurasa wa mwisho.

Kwenye rafu kitabu kinakaa sehemu moja, ya utanzu mkuu. Stika ya rangi ikae chini ya uti wa kitabu, isizibe namba ya juzuu, na juu yake selotepu pana. Joto la Kisumu hulegeza gundi ya stika za bei rahisi, na kabla ya muhula kwisha zinakuwa zimehamia kwenye kitabu cha jirani.

MASWALI YA WANACHAMA

Kondele: Omera, Chainsaw Man mmeiweka mapambano, na mimi nilishindwa kulala. Si ni ya kutisha?

Kukosa usingizi ni kwa msomaji, hesabu ni ya hadithi. Mhusika mkuu, Denji, akivuta kamba ya kifuani anageuka na kujibu pigo, kwa hiyo sura nyingi zinaangukia M. Ila una haki kwa upande mmoja: mashetani wa humo hupata nguvu kadiri watu wanavyoogopa jina lao, maana yake hofu ndiyo inayoendesha ulimwengu wenyewe. Utanzu mkuu mapambano, wa pili kutisha. Hesabu hiyo ni ya sehemu ya kwanza tu, juzuu 11. Sehemu ya pili ifanyiwe karatasi yake.

Kakamega: Dandadan ina mizimu, ina viumbe wa anga, ina mapenzi. Nimekwama hatua ya 2.

Hukukwama, umemaliza. Mizimu na viumbe wa anga ni mstari mmoja wa mandhari. Momo anaamini mizimu, mwenzake anaamini viumbe wa anga, wanabishana, na wote wawili wanathibitishiwa kwa kupigwa. Hesabu M, V na P. P itakusumbua kwa kuwa mapenzi yao yanakua katikati ya sura huku ukurasa wa mwisho ukiwa na jitu jipya. Fuata ukurasa wa mwisho, kisha tumia hatua ya 5: ondoa mapenzi uone kama wawili hao wangeendelea kutafutana. Ikiwa hapana, P inapanda kutoka kipera hadi utanzu wa pili hata kama sura hazijafika 9. Hapo pekee ndipo tunaruhusu jaribio lishinde hesabu.

Nakuru, Section 58: Mimi ni mwalimu, nina rafu ndogo ya wanafunzi wa sekondari. Utanzu utanisaidia kujua kipi niwape?

Hapana, mwalimu. Utanzu hausemi lolote kuhusu umri, na rika la jarida la Japani halikusaidii pia. Geuza kitabu nyuma: matoleo ya Kiingereza ya mchapishaji Viz huwa na alama, T ya vijana, T+ ya vijana wakubwa, M ya watu wazima. Death Note ni T+ ingawa ni shonen. Fungua safu ya tano uandike alama hiyo, na yasiyo na alama yasomwe na mtu mzima kwanza.

Bungoma: Nilipata juzuu ya 7 na ya 8 tu kwa muuza vitabu vya mitumba. Nifanye nini?

Hesabu sura zake zote, andika lebo kwa penseli, na kando yake "juz. 7–8". Usibandike stika. Juzuu mbili za katikati mara nyingi huwa ndani ya tukio moja refu, pengine pambano moja linalokula sura 15, na hesabu itaegemea M hata kama manga nzima ni ya mapenzi.

Siaya: Na isekai? Kwenye intaneti naona imeandikwa kama utanzu.

Mtu kuhamia ulimwengu mwingine ni namna ya kuanza hadithi. Baada ya hapo anaweza kupigana, kulima, kufungua hoteli au kupendwa na watu sita. Iandike kama kipera bila kuhesabu, kwa sababu wasomaji huitafuta kwa jina hilo, halafu fanya hatua ya 3 kama kawaida. Roboti kubwa nazo ni hivyohivyo. Lebo za intaneti nyingi huongezwa na yeyote mwenye akaunti, ndiyo maana utakuta manga moja ina lebo kumi na mbili.

Milimani, Kisumu: Gintama nimehesabu juzuu 3 nikapata V tupu. Rafiki yangu ameanza kwenye tukio la Benizakura akapata M tupu. Nani yuko sawa?

Karatasi zenu zote ni halali, ila sampuli ni ndogo kwa manga ya juzuu 77. Gintama huachilia mizaha kwa muda mrefu, kisha inaingia tukio zito la sura kadhaa mfululizo, halafu inarudi kwenye mizaha kana kwamba hakuna aliyekufa. Kwa manga za namna hiyo chukua juzuu moja kila baada ya 10, upate 8, na usichague mwenyewe: anza na ya 1, kisha 11, 21, na kuendelea. Juzuu zinazokosekana kwenye rafu yetu ziko kwa mwenzetu wa Nakuru, na kila Ijumaa kuna kifurushi kinachokuja kwa matatu. Mwandikieni kabla ya Jumatano.