Nembo Mpya, Mtendaji Mkuu Mpya: Namna ya Kubishana Mpaka Ujibiwe

Mimi nadarizi nembo. Za shule, kwaya, kampuni za ulinzi, timu za mchangani, na Agosti ikikaribia, za matawi ya Simba yanayojiandaa na Simba Day na za matawi ya Yanga yanayojiandaa na Wiki ya Mwananchi. Hela ya Utopolo, yaani Yanga, watani wetu, nayo ni hela. Kibanda changu kiko Kariakoo, mwendo mfupi tu kutoka Mtaa wa Msimbazi, na nikishafunga mashine jioni nageuka kuwa katibu wa tawi la Simba mtaani kwetu.

Kwa hiyo klabu ikigusa nembo, jezi au kiti cha Mtendaji Mkuu, kelele zote hunipitia mara mbili: mchana kwa mteja, jioni kwa mwanachama. Na nimeona hoja nzuri kabisa zikifa kwa sababu aliyezibeba hakujua azipeleke wapi wala aziulize vipi. Haya ndiyo ninayowaambia wanachama wapya. Mtani naye anaruhusiwa kusoma.

Jua unabishia nini

Mtu anasimama mkutanoni, anapaza sauti: "Klabu yetu haijawahi kubadilishwa, na haitabadilishwa!" Makofi. Kisha anainuka kijana wa upande wa pili na kumkumbusha kwamba klabu hiyo hiyo ilianza mwaka 1936 ikiitwa Queens, ikawa Eagles, ikawa Sunderland, na jina la Simba lilikuja 1971. Mjadala umeisha, na umeisha vibaya, maana huenda yule wa kwanza alikuwa na hoja ya msingi ila ameifunga kwenye kauli isiyo ya kweli.

Majirani zetu Kenya nao wanayajua haya. AFC Leopards ilizaliwa 1964 ikiitwa Abaluhya FC, na mwaka 1980, serikali ilipokuwa inapiga vita klabu zenye majina ya makabila, ikachukua jina la sasa. Hakuna shabiki wa Ingwe, yaani Leopards, anayehesabu historia yake kuanzia 1980.

Kwa hiyo usiseme "haijawahi kubadilika". Sema ni kipi hasa ambacho hutaki kiguswe, na kwa nini hicho. Jina ni jambo moja. Rangi ni jambo lingine. Nembo ni la tatu. Na ule mwonekano wa jumla, yaani maandishi, mabango na picha za mitandaoni, ni la nne, ambalo mimi binafsi silikosei usingizi. Fungua katiba ya klabu uone yapi yameandikwa humo. Yaliyomo kwenye katiba hubadilishwa na wanachama kwenye mkutano mkuu. Yasiyokuwemo, ofisi inaweza kuyapanga yenyewe asubuhi moja wakati wewe umekwama kwenye foleni ya Buguruni. Ukishajua hilo, nusu ya maneno yako utayaweka akiba.

Ipime nembo kama fundi

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, mnivumilie.

Watu wanaitazama nembo mpya kwenye simu, imewashwa taa, imekuzwa, ina mng'ao, na wanaamua palepale. Nembo haiishi huko. Inaishi kifuani, kwenye muhuri, kwenye kofia na kwenye kile kijiduara kidogo pembeni ya matokeo ya mechi. Basi fanya hivi. Ichapishe upana wa sentimita saba, ambao ndio wastani wa nembo ya kifuani. Uiweke ukutani, urudi nyuma hatua kumi. Je, bado unajua ni ya nani? Kisha ichapishe kwa wino mweusi mtupu, kama itakavyotokea kwenye barua na risiti. Nembo inayotegemea rangi peke yake hapo huwa doa. Mwisho ipunguze iwe saizi ya ukucha wa kidole gumba.

Ukitaka kuona zaidi, nenda kwa fundi wa kudarizi umwombe aipitishe kwenye kitambaa chakavu. Herufi ikishuka chini ya milimita tano, sindano inaanza kuziba tundu la "a" na la "e", na kaulimbiu mliyoipigania mkutano mzima inasomeka kama mstari wa sisimizi. Rangi inayokolea upande mmoja na kufifia upande mwingine haidariziki. Itabidi ikatwe vipande, na kila kipande ni uzi wake na muda wake wa mashine. Kwa sisi wa Msimbazi, yaani Simba, tatizo ni manyoya ya shingo. Mchoraji akiweka mistari myembamba iliyosongamana, nyuzi zinapandana, na simba anatoka na donge kooni kama mgonjwa wa tezi.

Hoja ya aina hiyo haijibiwi kwa "wewe ni mpinga maendeleo". Unaweka kitambaa mezani, wanakiona.

Ila wepesi wa kudarizi hautoshi. Mwaka 2017 Juventus wa Turin, Italia, walitupa nembo yao ya ngao wakabaki na herufi J ya michirizi miwili. Kwangu mimi fundi ile ni sikukuu: rangi moja, mistari minene, dakika chache umemaliza. Kama shabiki wa Turin ningelia.

Uliza swali kabla jezi haijachapwa

Everton wa Uingereza walitangaza nembo mpya Mei 2013. Walikuwa wameondoa kaulimbiu yao ya Kilatini na mashada mawili ya majani ya pembeni. Zaidi ya mashabiki 20,000 walitia saini kupinga, na klabu ikaomba radhi. Lakini jezi za msimu wa 2013/14 zilikuwa tayari zimeshaagizwa, kwa hiyo nembo iliyokataliwa ilivaliwa msimu mzima. Baadaye walipeleka michoro mitatu kwa mashabiki, wakapiga kura, na uliochaguliwa ukapata karibu kura nane kati ya kila kumi. Kaulimbiu ikarudi.

Kwa hiyo msisubiri uzinduzi. Msimu ukiingia miezi ya mwisho, tawi liandike kuuliza: je, kuna mpango wowote wa kugusa nembo au rangi msimu ujao, na oda ya jezi inapelekwa lini kiwandani? Ile tarehe ya kiwandani ndiyo tarehe yenu ya mwisho kubishana. Baada ya hapo mnaongelea msimu mwingine.

Leeds United, Januari 2018, walileta nembo ya mtu asiye na kichwa aliyeweka ngumi kifuani. Klabu ikasema imezungumza na watu 10,000. Ndani ya siku chache ilikuwa imerudi nyuma. Ukiambiwa "tuliwashirikisha mashabiki", usibishie idadi. Uliza: hao watu walionyeshwa mchoro huu, au waliulizwa tu wanaipendaje klabu? Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa, na ofisi nyingi hujibu la pili huku zikijifanya zimejibu la kwanza.

Na kura yenyewe isome maneno yake. Hull City, mwenye klabu Assem Allam alitaka jina liwe Hull Tigers. Wenye tiketi za msimu wakapewa karatasi: ndiyo kwa Hull Tigers *na familia ya Allam iendelee kuiongoza klabu*, hapana kwa Hull Tigers, au sijali, nitaishangilia tu. Ndiyo zilikuwa 2,565, hapana 2,517, na sijali 4,874. Angalia ile ndiyo ilivyobebeshwa mzigo usio wake. Anayetaka tajiri abaki analazimika kulimeza na jina. Mashabiki waliopinga hawakuishia kulalama, walipeleka hoja kwa chama cha soka cha Uingereza, na Aprili 2014 ombi la kubadili jina likakataliwa.

Karatasi ya kura ikija kwenye tawi lako na imefunga mambo mawili kwa kamba moja, ombeni yatenganishwe kabla hamjagusa kalamu.

Mtendaji Mkuu: nani anamwajiri?

Swali la kwanza ninalomuuliza mtu anayetaka "CEO aondoke" ni hili: aondolewe na nani? Wengi wanakodoa macho.

Pale Simba kuna mwenyekiti wa klabu, anayepigiwa kura na wanachama, na kuna mwenyekiti wa bodi ya wakurugenzi, anayetoka upande wa mwekezaji. Mtendaji Mkuu anawajibika kwa bodi. Ukimpigia kelele mwenyekiti uliyemchagua wewe amfukuze Mtendaji, unamdai mtu deni la jirani yake. Yanga wao wana rais anayechaguliwa na wanachama. Hersi Said aliingia hivyo Julai 2022. Kwa hiyo hata hoja ya mtani usiinakili kama ilivyo, njia zetu za ndani hazifanani.

Na nyuma ya yote hayo kuna kanuni ya serikali inayotaka wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa, wawekezaji wasizidi 49. Ndiyo maana shilingi bilioni 20 za Mo Dewji, mwekezaji wetu, zimejadiliwa vijiweni tangu 2017 kuliko mabao. Mwanachama anayejua namba hizo mbili anasikilizwa tofauti na anayesema tu "wametuuza".

Sasa umpime kwa lipi? Mtendaji Mkuu hapangi kikosi. Akikosa penalti mshambuliaji, huyo ni wa kocha. Vya kwake ni hivi: mikataba ya wachezaji inaisha lini na nani anajua, kuna mchezaji au kocha wa zamani anayeidai klabu mbele ya FIFA, maana deni kama hilo linaweza kufungia klabu kusajili, hesabu zimekaguliwa, kwa sababu leseni ya shirikisho la soka Afrika (CAF) inazitaka, mdhamini wa kifuani analipa nini na kwa muda gani, jezi halisi inafika Mwanza na Mbeya kabla ya feki au baada yake. Hili la jezi naliona kwa macho kila Agosti. Feki huingia Kariakoo haraka kuliko taarifa ya klabu, na mteja akishanunua feki kwa robo ya bei, halisi ikija wiki mbili baadaye haimhusu.

Usimpime kwa kabila, kwa uraia wala kwa kuwa mwanamke. Barbara Gonzalez alipochukua kiti Septemba 2020 kuna wazee wa kijiweni kwetu ambao hoja yao yote ilikuwa hiyo, na ikawapitisha mbali na maswali ya kweli ya fedha waliyokuwa na haki ya kuyauliza.

Usimfunge na mapenzi pia. Senzo Mazingiza aliacha kuwa Mtendaji wetu Agosti 2020, na siku hiyo hiyo akatangazwa Jangwani, kwa Yanga. Tulimwita kila jina. Lakini mtendaji ni mwajiriwa, ana mkataba na ana bei. Kama alikuwa anaondoka na siri za klabu, swali la kuuliza bodi lilikuwa: mkataba wake ulisemaje kuhusu kufanya kazi kwa mshindani? Sikumsikia hata mmoja akiliuliza, tulikuwa tunashindana kutukana.

Tena, kosa la nembo halimfanyi mtu awe mtendaji mbovu kwa kila kitu. Angus Kinnear ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa Leeds wakati wa kile kioja cha ngumi. Alibaki, na 2020 timu ikarudi Ligi Kuu ya Uingereza. Wala ushindi haufuti kosa: Cardiff walivikwa jezi nyekundu badala ya bluu mwaka 2012, wakapanda daraja 2013 wakiwa ndani ya hizo nyekundu, na bado mashabiki hawakunyamaza mpaka bluu iliporudi Januari 2015. Kwa hiyo ukiambiwa "subirini matokeo", jibu ni kwamba matokeo ni faili lingine.

Ufikishe mezani

Mkutano wa tawi kwanza. Hoja ijadiliwe, ipigiwe kura, iingie kwenye muhtasari na isainiwe. Hoja ya tawi ina uzito ambao sauti ya mtu mmoja haina. Kisha barua, iwe fupi, jambo moja. Sisi huandika hivi:

"Tawi linaomba kufahamishwa: (a) ni kikao gani kiliidhinisha mabadiliko ya nembo, (b) tarehe ya kikao hicho. Tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu."

Basi. Hakuna "kwa masikitiko makubwa", hakuna shairi. Barua ndefu inampa msomaji nafasi ya kuchagua sentensi rahisi na kujibu hiyo tu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

Hoja iwasilishwe mapema ili iingie kwenye ajenda. Katiba inasema ni siku ngapi kabla. Ukiisubiri iwe ya "mengineyo" umekwisha, kwa sababu mengineyo huja saa kumi na moja jioni, watu wana njaa na mwenyekiti anatazama saa. Ukipewa kipaza sauti, soma swali kama lilivyoandikwa, taja tarehe barua ilipopokelewa, kaa chini. Wakianza kukuzomea, usijibu zomeo. Wanaokuzomea hawana jibu unalolitafuta, analo aliye meza kuu.

Na kama mmeshindwa, nembo imepita na hamuitaki, msikimbilie feki kwa hasira. Feki haimwadhibu Mtendaji, inaikosesha klabu na kumtajirisha mtu asiyejua hata ligi ina timu ngapi. Vaeni ya zamani. Ikiwa imechanika begani, ileteni tuishone.