Vifaranga wa samaki na chumvi ya maji: pima ukubwa kabla ya kuhesabu umri

Damu ya samaki wa maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, ina chumvi nyingi kuliko maji anamoishi, hivyo maji humwingia muda wote kupitia matamvua na ngozi huku chumvi yake ikivuja nje. Aliyekomaa hulimudu hilo kwa kutoa mkojo mwingi mwepesi, na kwa kufyonza chumvi majini kupitia seli maalumu za matamvua.

Kifaranga aliyetoka kuanguliwa bado hana matamvua kamili. Kazi hiyo hufanywa na seli zilizotawanyika kwenye ngozi yake na kwenye kifuko cha kiini (akiba ya chakula anayotoka nayo kwenye yai), na huhamia kwenye matamvua kadiri yanavyokua. Tena, mwili mdogo una ngozi kubwa ukilinganishwa na uzito wake, kwa hiyo badiliko la maji ambalo samaki mkubwa hulivumilia laweza kumwangamiza mdogo.

Kwa sato (tilapia), uwezo wa kustahimili chumvi hufuata zaidi ukubwa wa mwili kuliko umri. Kuhesabu wiki pekee, kama ilivyo desturi ya wengi, hakutoshi, kwa kuwa vifaranga waliodumaa huhesabiwa sawa na wenzao walionenepa. Mwenye maji ya chumvichumvi aangulishe mayai katika maji baridi, awatenge vifaranga kwa ukubwa, kisha awaongezee chumvi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, akisita kila wanapopunguza kula. Kwa samaki wazazi tahadhari ni nyingine: sato huweza kuishi vizuri katika chumvi ambayo tayari imepunguza uzazi wake, hivyo uhai wa wazazi usichukuliwe kuwa dalili kwamba bwawa linafaa kuzalishia.

Wakati wa kusafirisha, msukosuko na kuchubuka kwa ute huongeza uvujaji wa chumvi mwilini. Gramu 3 hadi 5 za chumvi isiyo na madini joto kwa kila lita ya maji husaidia, kwa sababu hupunguza tofauti kati ya maji na damu. Lakini kipimo hicho ni cha vifaranga waliokwisha kukua na samaki wakubwa, si cha wale ambao bado wana kifuko cha kiini. Chumvi ipimwe kwa mizani na iyeyushwe kwanza katika ndoo ya pembeni, kwani chembe zinazowaangukia samaki huunguza matamvua.