Unataka gari ya nitro ya rimoti itakayodumu Nairobi? Soma hii kabla hujatoa pesa

Niseme wazi kutoka mwanzo, gari ya nitro, yaani ile ya injini ndogo ya mafuta wala si ya betri, isiyovunjika haipo. Hata ile ya bei ghali kabisa ukiirusha kwa tuta la murram huko Ruai mara za kutosha kuna kitu kitaachia. Kwa hivyo usiulize tu inakimbia spidi gani, uliza hivi: mkono wa mbele, ule unaoshika tairi, ukikatika leo Jumamosi nitapata mwingine lini? Hapo ndio watu wengi wa hapa huumia, gari poa kabisa inakaa juu ya kabati miezi mingi juu ya kipande cha plastiki ambacho bei yake haifiki hata nusu ya gharama ya kukisafirisha.

Alafu amua unataka kufanya nini nayo, kucheza rafu ama resi, juu hizi ni gari mbili tofauti. Ya rafu, yaani kuruka, kuinua tairi za mbele, kupita kwa mawe na nyasi, ni monsta. Tairi kubwa, tumbo liko juu, nyingi ziko na gia mbili na zingine hadi rivasi. Traxxas T-Maxx ilitoka 1999 na imeuzwa miaka mingi sana, ndio maana spea zake utapata za kampuni yenyewe na za kampuni zingine pia, na ile ya injini ya 3.3 cc inawashwa na mota ndogo ya betri, huvuti kamba. Revo ni ndugu yake, shoki zake zimelala ndani ya gari na inameza matuta vizuri ajabu, lakini viungo ni vingi na kila kiungo ni mahali pa mchanga kuingia. HPI Savage imejengwa kwa bamba mbili za aluminiamu zilizosimama wima pande zote mbili za injini, na kwa kupigwa na kubamizwa mimi naiheshimu sana. Shida yake ni uzito na kimo, ukikata kona kwa spidi inalala ubavu.

Ya resi ni tragi ya 1/8, yaani lori la resi lililopunguzwa hadi moja ya nane ya saizi ya gari halisi. Iko chini, pana, difu tatu, gia moja, haina rivasi, breki za diski. Kyosho Inferno MP10T na Mugen MBX8T ni mfano mzuri wa daraja hilo, na injini za resi za daraja hilo hazizidi 3.5 cc, ile wanaita .21 kwa kipimo cha inchi za ujazo. Lakini jua kwamba tragi nyingi za resi huja kama vipande vya kuunganisha, hakuna injini, hakuna rimoti, hakuna savo (mota ndogo za kugeuza usukani na kuvuta throtoli), na injini zake mara nyingi hazina kamba ya kuvuta kwa hivyo unanunua pia sanduku la kuwashia na betri yake ya volti 12. Ukiona bei ya gari pekee ukadhani umemaliza, bado hujafika hata nusu.

Ukiwa na pesa ya gari moja tu na unataka yote mawili, chukua tragi ya 1/8 iliyokuja tayari imeunganishwa, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba. Huo ndio msimamo wangu. Tragi inavumilia rafu kuliko monsta inavyovumilia resi, juu imetengenezwa kuruka jampu lap baada ya lap kwa nusu saa bila kupumzika. Zile ndogo za 1/10 zinazosukumwa na tairi za nyuma peke yake ni tamu kwa lami na parking kubwa, kwa murram yetu zinagonga kila jiwe, mimi siwezi kukushauri uanze nayo.

Kwa chuma na plastiki angalia hivi. Mikono iwe ya nailoni, usidanganyike na ile ya aluminiamu yenye rangi, plastiki nzuri inapinda inarudi lakini aluminiamu inapinda inabaki, ama haipindi yenyewe inapeleka kishindo chote kwa chasi na hapo unavunja kitu cha bei kubwa zaidi. Chasi nayo iwe aluminiamu ya milimita 3 hivi, gia za difu ziwe za chuma, shafti za shoki ziwe nene. Tairi zishikwe na heksi (kitovu cha pembe sita) ya milimita 17, juu karibu tairi zote za 1/8 zinaingia hapo na hutafungwa na kampuni moja. Savo ya usukani iwe na meno ya chuma, ile ya plastiki inayokuja na gari za bei ya chini ikigonga ukuta wa kerb mara moja imeisha.

Sasa vumbi, na hapa nakuomba usome polepole. Injini hizi ndogo hazina ringi kwa pistoni, pistoni inabanana na silivu yenyewe, ile bomba inamopanda na kushuka, na mbano huo ndio kompresheni yako yote. Ule udongo mwekundu wa Nairobi, hasa Januari na Februari, ukipita kwa filta hata kidogo unakuwa msasa, na injini ya kudumu msimu mzima inakufa wikendi moja. Kwa hivyo kabla ya kuangalia nguvu ya injini angalia filta: iwe kubwa, iwe na sponji mbili, ya nje na ya ndani, na ishikane na kabureta bila kuacha mwanya, wengine huzungusha tai ya plastiki hapo na ni vizuri. Sponji ipakwe mafuta ya filta hadi ilowe yote kisha uikamue. Beba sponji kadhaa ndani ya mfuko uliofungwa zikiwa zishapakwa, badilisha hapo hapo uwanjani, usipulize ile chafu na mdomo ukairudisha. Gari ambayo filta yake ni kakofia kadogo ka sponji nyembamba, hata kama inakimbia kama swara, iache.

Jambo lingine ambalo ni rahisi kusahau ni kimo chetu. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya bahari, presha ya hewa iko chini karibu asilimia 20 ukilinganisha na Mombasa, na injini inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Maana yake ni mbili. Kwanza, ukiwa katikati ya injini mbili chukua ile kubwa, monsta nzito yenye injini ndogo hapa inachoka sana. Pili, setingi ya kiwandani itakuwa na mafuta mengi mno kwa hewa iliyopo, moshi mzito, gari inakohoa, na mtu anasema injini ni mbovu. Si mbovu. Ikishafunguliwa vizuri, yaani matangi matano sita ya kwanza ya pole pole, funga sindano ya spidi ya juu, ile skrubu ya kabureta inayopima mafuta, kidogo kidogo, kipande kidogo cha mzunguko kila mara, kimbiza, sikiza. Moshi mwepesi wa samawati lazima ubaki ukionekana. Nunua bunduki ya kupima joto, zinauzwa mjini, na kichwa cha injini kikae kati ya nyuzi 100 na 120 za selsiasi. Na ukishuka Mombasa na gari yako fungua sindano KABLA ya kuwasha, hewa ya kule ni nzito, na setingi ya Nairobi itakausha injini yako ikwame.

Mafuta ni methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha. Petroli haifanyi kazi humo, usijaribu. Nitro ya asilimia 20 hadi 30 inafaa kwa gari, na kwa kimo chetu mimi hupenda ielekee juu. Haya mafuta ndege hazikubali kwenye mzigo, kwa hivyo kabla ya kuagiza gari hakikisha kwanza umempata mtu wa kukuuzia mafuta hapa hapa. Kuwa mwangalifu pia na ya ndege za modeli, nyingi ziko na nitro kidogo na oili nyingi, gari itawaka lakini haitakuwa na raha. Na methanoli ni sumu, moto wake mchana hauonekani, ikae mbali na watoto kabisa.

Tukizungumzia watoto, rimoti iwe ya 2.4 GHz na risiva iwe na feilsefu, ile ya kuvuta breki yenyewe signali ikipotea. Kilo nne tano za chuma zikienda kilomita 60 kwa saa ndani ya estate bila mtu wa kuzishika ni hatari ya kweli. Iseti siku ya kwanza, zima rimoti gari ikiwa juu ya stendi uone breki ikishika, na ongeza springi ya kurudisha throtoli, ni ya bei ya chini sana.

Spea zingine utapata bila kuagiza nje. Beringi za saizi ya kawaida kama 8x16x5 tafuta kwa maduka ya Kirinyaga Road, betri na waya Luthuli, pini na vibamba Kariobangi Light Industries kuna mafundi wa kuchonga chuma wanaokutolea kitu safi ukiwapelekea sampuli. Vingine agiza pamoja na gari yenyewe ndio usilipie usafiri mara mbili: mikono ya mbele na nyuma, glo-plagi (plagi ya kuwasha mafuta ndani ya injini), viatu vya klachi na springi zake, gia kubwa ya katikati, sponji.

Kama ni ya mkono wa pili, enda injini ikiwa baridi. Zungusha flaiwili kwa kidole, pistoni ikifika juu kabisa inafaa ibane, ukilazimisha kidogo ndio ipite. Ikipita laini tu, silivu imeisha. Toa filta, ingiza kitambaa cheupe kwa koo la kabureta upanguse, kikitoka na wekundu usisikize hadithi yoyote. Angalia kengele ya klachi, ile ngoma yenye meno inayofunika viatu vyake, meno yakiwa yamechongoka kama ndoana imeisha, na vikombe vya difu, pale shafti za tairi zinapoingia, kama pini zimechimba mashimo. Gari yenyewe ikiwa nzima na injini ndio imekufa, bado yaweza kuwa dili, toa tu bei ya injini mpya kutoka kwa ile anayoitisha na umwambie ni kwa nini.